Kupanga na Kuandaa Mradi wa Ujenzi: Hatua za Kufuata Kabla Msingi Haujachimbwa

Ujenzi ni kazi inayofukia makosa yake yenyewe. Bomba la maji taka hulala chini ya sakafu, nondo hulala ndani ya zege, waya wa umeme hupita ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa lipu, na yeyote anayetaka kusahihisha kilichofukiwa hulazimika kwanza kubomoa kilichokifunika. Mstari uliokosewa kwenye mchoro hufutwa kwa dakika moja. Mstari huohuo ukishakuwa ukuta, kuufuta kunahitaji nyundo, vibarua, gari la kubeba kifusi, saruji mpya na siku kadhaa ambazo hazikuwamo kwenye ratiba. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: kila uamuzi ufanyike kabla ya kazi itakayoufunika, na yale yatakayofunikwa mapema zaidi yaamuliwe mapema zaidi. Kanuni hiyo ni ileile kwa nyumba ya familia, kwa shule na kwa jengo la ghorofa. Kinachotofautiana ni idadi ya wataalamu na wingi wa makaratasi.

Hatua ya kwanza: Yaandike mahitaji kabla ya kumwita msanifu

Mara nyingi mtu huona picha ya jengo, huipenda, na tangu hapo mahitaji yake hulazimishwa yaenee ndani ya picha hiyo. Anzia upande wa pili. Andika jengo litatumiwa na nani na watu wangapi kwa wakati mmoja, watafanya nini ndani yake, lazima lianze kutumika lini, na ukomo wa fedha ni kiasi gani. Andika pia nani atalitunza na kwa fedha zipi, kwa maana jengo lenye viyoyozi na pampu ambazo hakuna anayeweza kugharimia matengenezo yake halijafanikiwa hata kama lilikamilika kwa wakati.

Yapo mambo mawili ambayo watu husita kuyaandika, nayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. La kwanza ni mpangilio wa vipaumbele: iwapo muda, gharama na ubora vitagongana, kipi kitalegezwa kwanza? Shule inayopaswa kufunguliwa mwanzo wa muhula inaweza kuahirisha rangi ya nje lakini haiwezi kuahirisha vyoo. Jambo la pili ni jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutoa maelekezo kwa niaba ya mwenye mradi. Familia au kamati ijadiliane kadiri inavyotaka ndani ya mlango wake, lakini saiti ipokee sauti moja, na iipokee kwa maandishi.

Hatua ya pili: Ijue ardhi

Kwanza hakikisha umiliki na mipaka. Mpima ardhi aliyesajiliwa athibitishe mawe ya mipaka na aandae ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, miti, majengo yaliyopo, na njia za maji, umeme na simu zinazopita juu au chini ya kiwanja. Kiwanja kinachoonekana tambarare kwa macho kinaweza kuwa na tofauti ya kimo ya zaidi ya mita 1 kutoka kona moja hadi nyingine, na tofauti hiyo hugeuka kuwa kifusi cha kujazia, ukuta wa kuzuia udongo au ngazi za ziada.

Kisha upime udongo. Hapa ndipo wenye miradi midogo hubana matumizi, na kwa maoni yangu ni mahali pabaya kuliko pote pa kubana, kwa sababu msingi ndio sehemu ya jengo isiyoweza kubadilishwa baada ya kubeba mzigo. Mnara wa Pisa nchini Italia ulianza kujengwa mwaka 1173, ukaanza kuinama wajenzi walipofikia ghorofa ya tatu, kwa kuwa msingi wake wa kina cha takriban mita 3 uliwekwa juu ya udongo laini. Karne nane baadaye ulifungwa kwa wageni kuanzia mwaka 1990 hadi 2001 ili wahandisi wauzuie usianguke. Jengo lako halitapewa subira kama hiyo.

Kwa jengo jepesi, mashimo machache ya majaribio yaliyochimbwa mahali msingi utakapopita huweza kutosha. Kwa jengo la ghorofa huhitajika uchorongaji na vipimo vya maabara. Kina cha uchunguzi kisiishie pale msingi utakapokaa. Uzito wa jengo husambaa chini ya msingi, na chini ya kitako cha mraba, yaani sehemu pana ya msingi inayokaa juu ya udongo, mgandamizo huo bado huhesabika hadi kina cha karibu mara mbili ya upana wa kitako. Tabaka laini lililojificha humo litadidimia hata kama juu yake pana udongo mgumu. Mwulize mtaalamu mambo matatu bayana: udongo unaweza kubeba uzito gani kwa kila mita ya mraba, maji ya ardhini yako kina gani wakati wa mvua nyingi, na je, ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Udongo wa aina hiyo hupasua kuta za nyumba nyepesi kwa urahisi, kwa sababu uzito wao hautoshi kuuzuia usivimbe.

Jambo la mwisho kuhusu ardhi ni njia ya kuifikia. Pima upana wa barabara, wa daraja lililo karibu, na wa kona kali zilizopo njiani, kisha uulize ni gari la ukubwa gani linaweza kufika. Mchanga ukilazimika kushushwa mbali na kubebwa kwa toroli, gharama ya kila tripu hubadilika, na ni vyema mabadiliko hayo yaonekane kwenye makadirio kuliko kuonekana kwenye mabishano.

Hatua ya tatu: Kamilisha michoro, na ilinganishe

Jengo la kawaida huhitaji msanifu majengo, mhandisi wa miundo, wahandisi au mafundi wa umeme na maji, pamoja na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi. Kila mmoja huchora au kuhesabu sehemu yake, na hatari kubwa iko kwenye mipaka kati yao. Msanifu huweka mlango mahali ambapo mhandisi ameweka nguzo. Fundi bomba hupitisha bomba la sentimita 10 kwenye boriti ambayo haikuachiwa tundu. Dawa yake ni kikao kimoja au viwili ambamo michoro yote huwekwa juu ya meza, au hupandishwa pamoja kwenye kompyuta, na chumba baada ya chumba hukaguliwa kwa kuuliza: nini kinapita hapa, kwa kimo gani, na kinashikiliwa na nini? Kikao hicho huchosha. Kifanyike hata hivyo.

Jumba la Opera la Sydney linaonyesha bei ya kuanza kabla ya michoro kuiva. Ujenzi ulianza mwaka 1959 wakati wahandisi walikuwa hawajapata njia ya kujenga paa lake lenye umbo la makombe ya baharini. Muundo wa paa ulipopatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa chini zilionekana kuwa dhaifu kuubeba, zikalazimika kujengwa upya. Jumba lililokadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963 lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102. Leo ni fahari ya Australia, jambo ambalo huwafariji sana wanaotaka kuanza haraka. Ila mwenye mradi wa kawaida hana hazina ya serikali inayoweza kungoja miaka kumi.

Baada ya michoro kulingana, andaa orodha ya vitu vitakavyowekwa mwisho lakini vinavyoamua kazi za mwanzo. Lifti hufungwa jengo likikaribia kukamilika, lakini shimo lake huchimbwa pamoja na msingi na vipimo vyake hutegemea aina ya lifti. Choo cha kukaa chenye tundu la kutolea majitaka ukutani hakiwezi kufungwa mahali bomba lilipotokezea sakafuni. Unene wa vigae huamua kimo cha sakafu ya zege, na kimo hicho huamua urefu wa milango. Jenereta huhitaji kitako chake na njia ya moshi. Vyote hivyo vichaguliwe sasa, kwa jina na kipimo, hata kama vitanunuliwa mwaka ujao.

Hatua ya nne: Vibali

Orodhesha vibali vyote vinavyohitajika, mamlaka inayotoa kila kimoja, nyaraka zinazoambatishwa na muda wa kusubiri, kisha uingize muda huo kwenye ratiba kama kazi kamili. Usichimbe kwa kutegemea kibali "kilicho njiani". Mamlaka ikitaka mchoro ubadilishwe, mabadiliko yatakuta msingi umekwisha kumwagwa, na utakuwa umerudi kwenye lile la kubomoa kilichofukiwa.

Hatua ya tano: Kadiria gharama kwa vipimo

Makadirio ya mwanzo hufanywa kwa kuzidisha eneo la sakafu kwa gharama ya mita moja ya mraba ya jengo linalofanana na lako. Yanafaa kuamua kama mradi unawezekana, basi. Makadirio ya kusainia mkataba hutokana na mchanganuo wa vipimo, yaani kila kazi imepimwa kwenye mchoro na kuwekewa bei yake.

Mfano mdogo wa ukuta unaonyesha namna ya kufikiri. Tofali la saruji lenye uso wa sentimita 45 kwa 22.5, likiongezewa mchanga wa saruji wa sentimita 1 kwenye maungio, hufunika karibu mita za mraba 0.108, hivyo mita moja ya mraba huhitaji matofali 9.25, ukihesabu yanayovunjika na yanayokatwa, weka 10. Ukuta wenye urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3 una mita za mraba 36. Toa mita za mraba 4 za milango na madirisha, zinabaki 32, nawe utahitaji matofali 320. Ukishafanya hivyo kwa kuta zote, zege lote, nondo zote na paa lote, huwezi tena kudanganywa kirahisi na orodha ya manunuzi ya fundi, na mkandarasi anayekuja na bei ya ajabu unaweza kumwuliza inatoka kwenye kifungu gani.

Ongeza fedha ya dharura. Kwa desturi ya kazi hii, asilimia 10 hadi 15 hufaa wakati michoro bado haijakamilika, na hushuka hadi asilimia 5 au zaidi kidogo michoro na taarifa za udongo zinapokuwa kamili. Fedha hii ni ya mambo yasiyotarajiwa, kama mwamba uliojitokeza shimoni. Mwenye mradi akiitumia kununulia marumaru ya bei ya juu kuliko ile iliyokubaliwa, amebadilisha mradi, na abadilishe pia bajeti.

Kisha panga mtiririko wa fedha, jambo ambalo hukwamisha miradi mingi yenye bajeti ya kutosha kwenye karatasi. Matumizi ya ujenzi huanza polepole, hupanda kwa kasi katikati, na hupungua mwishoni. Tuseme mkataba unaeleza kwamba kazi hupimwa baada ya siku 30, hati ya malipo huandaliwa na kuidhinishwa ndani ya siku 7, na malipo hufanyika ndani ya siku 28 baada ya hapo. Mkandarasi atapata fedha yake ya kwanza karibu siku ya 65, ilhali amekwisha kulipa mishahara ya miezi miwili na kununua saruji, nondo na mbao. Asipokuwa na mtaji huo, na asipopewa malipo ya awali, kazi itasimama mwezi wa pili bila kosa la kiufundi la mtu yeyote. Chora jedwali la miezi yote, andika kitakachodaiwa kila mwezi na chanzo cha fedha yake. Mwezi usio na chanzo ndio mwezi wa kuushughulikia leo.

Hatua ya sita: Tengeneza ratiba inayoonyesha utegemezi

Ratiba ya mistari mlalo, inayohusishwa na jina la Henry Gantt, huonyesha kila kazi itaanza na kuisha lini. Ni nzuri kwa kusomeka, lakini haisemi peke yake ni kazi ipi ikichelewa itachelewesha mradi mzima. Ili kulijua hilo, hutumika mbinu iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand: kazi zote huunganishwa kwa kufuata ipi hutangulia ipi, kisha hutafutwa mlolongo mrefu kuliko yote.

Chukua sakafu ya ghorofa. Kusimamisha mirunda na kufunga mbao kunahitaji siku 6; kukata na kukunja nondo, siku 4, na kazi hiyo inaweza kufanyika wakati mbao zinafungwa. Kufunga nondo juu ya mbao kunachukua siku 4, kulaza mabomba ya umeme siku 2, ukaguzi wa mhandisi siku 1, na kumwaga zege siku 1. Mlolongo mrefu unapitia mbao, kufunga nondo, mabomba, ukaguzi na zege, jumla siku 14. Ukataji wa nondo ukichelewa siku 2 hakuna kinachoharibika, kwa sababu una nafasi hiyo. Mbao zikichelewa siku 1, zege nalo linachelewa siku 1. Msimamizi mwenye ujuzi huelekeza macho, watu na fedha zake kwenye mlolongo mrefu, na huacha kupiga kelele kwa yale yenye nafasi.

Zege lina muda wake ambao hautii amri. Nguvu yake hupimwa rasmi baada ya siku 28, na katika siku 7 za kwanza zege la saruji ya kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo iwapo limemwagiliwa vizuri. Mirunda iliyo chini ya sakafu kwa kawaida hubaki wiki mbili hadi tatu, kutegemea upana wa sakafu, joto na maelekezo ya mhandisi. Siku hizo ziandikwe kwenye ratiba, la sivyo mtu atazipunguza akidhani zilikuwa za kupumzika. Vivyo hivyo kwa majira ya mvua: uchimbaji wa msingi na uezekaji wa paa vipangwe kwa kuzingatia kalenda ya mvua ya mahali mradi ulipo.

Vifaa vinavyoagizwa na kutengenezwa kwa oda, kama lifti, transfoma na madirisha makubwa, vipangwe kwa kurudi nyuma. Anza na siku ambayo kifaa lazima kiwe saiti, toa muda wa usafirishaji, toa muda wa utengenezaji, toa muda wa kuidhinisha michoro ya kiwandani, nawe utapata siku ya mwisho ya kutoa oda. Mara kadhaa siku hiyo hukutwa imekwisha kupita.

Hatua ya saba: Mchague mkandarasi na uandike mkataba

Wape waombaji wote michoro ileile, mchanganuo uleule na muda uleule wa kujibu, kwa kuwa zabuni zilizotokana na taarifa tofauti hazilinganishwi. Kagua kazi walizokamilisha karibuni, ikiwezekana zungumza na wenye majengo hayo, na uangalie ni nani hasa atakayesimamia kazi yako kila siku, maana jina la kampuni halikorogi zege. Bei iliyo chini sana kuliko makadirio yako ichunguzwe kifungu kwa kifungu kabla ya kufurahiwa: huenda kuna kazi iliyosahauliwa, na mkandarasi aliyesahau kazi ataikumbuka akiwa katikati ya jengo lako.

Mkataba ueleze wazi utaratibu wa malipo, fidia ya ucheleweshaji, bima, dhamana ya utekelezaji na njia ya kutatua mgogoro. Eleza pia fedha ya kuzuia, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa na mwenye mradi, ambayo mara nyingi huwa asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo; nusu yake hurudishwa jengo linapokabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, ambacho huwa cha miezi 6 au 12. Hata hivyo, kifungu nitakachokisisitiza kuliko vyote ni cha mabadiliko: hakuna badiliko litakalofanyika saiti kabla ya kuandikwa, kuwekewa bei, kupimwa athari yake kwa muda, na kusainiwa na yule mtu mmoja aliyetajwa katika hatua ya kwanza.

Hatua ya nane: Andaa saiti

Chora mpango wa saiti kwenye karatasi kabla ya lori la kwanza kufika. Onyesha uzio na lango, njia ya magari kuingia na kutoka, stoo ya saruji, mahali pa kukatia nondo, rundo la mchanga na la kokoto, matangi ya maji, ofisi, vyoo vya wafanyakazi, sanduku la huduma ya kwanza na mahali pa kukusanyika moto ukitokea. Mifuko ya saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Udongo utakaohitajika kujazia usirundikwe kwenye ukingo wa mtaro, kwa kuwa uzito wake huweza kuuporomosha juu ya walio ndani.

Eneo likiwa finyu, ratiba ya kushusha mizigo huwa muhimu kama ratiba ya kazi. Jengo la Empire State la New York, lenye ghorofa 102, lilianza kujengwa tarehe 17 Machi 1930 na kufunguliwa tarehe 1 Mei 1931, katikati ya jiji pasipo uwanja wa kuhifadhia. Vyuma vilifikishwa kwa mpangilio wa mahali vitakapofungwa, na kwenye ghorofa zilitandazwa reli ndogo za kusukumia vifaa. Kasi ile iliandaliwa kwenye karatasi.

Siku chache kabla ya kuanza, waite mwenye mradi au mwakilishi wake, wataalamu wote, mkandarasi na msimamizi wake kwenye saiti yenyewe. Tembeeni na michoro mkononi, thibitisheni toleo linalotumika na muondoe nakala za zamani, mkubaliane kazi ipi haitafunikwa kabla ya kukaguliwa na nani ataikagua, kisha mpima ardhi aoneshe vigingi vya jengo na alama ya kimo ambayo sakafu, milango na paa vyote vitapimiwa kutoka kwake. Alama hiyo ijengewe zege na kuzungushiwa uzio mdogo mahali ambapo lori halitapita.